Barua ya wazi: Ufunguo wa stoo ya vibao anao nani?

Kwenu wamiliki wa majengo, mameneja mnaoyaendesha, na maofisa mnaopitisha ramani,

YAH: VIBAO VYA KUZUIA MAFURIKO MLANGONI, NA MTU WA KUVIPACHIKA

Mimi ni fundi wa matengenezo. Siku nyingi kazi yangu ni mabomba, pampu, vitasa na taa za ngazini. Msimu wa mvua ukikaribia huongezeka kazi ya vibao vya alumini vinavyopachikwa mlangoni ili maji ya mafuriko yasiingie ndani. Nawaandikia kwa sababu ya usiku mmoja ambao jengo nililokuwa nikilihudumia lilikuwa na kila kitu isipokuwa ufunguo.

Vibao vilikuwepo. Vilinunuliwa vipya, vikajaribiwa mara moja mbele ya wakubwa, vikapigwa picha, vikafungwa kwa nailoni na kupelekwa stoo. Saa nane za usiku, mvua ikiwa imekwisha kuchacha, mlinzi wa zamu akanipigia simu. "Fundi, maji yameshapanda ngazi ya kwanza." Nikamwambia atoe vibao. Akanyamaza kidogo. "Stoo imefungwa, fundi. Ufunguo anao afisa ugavi, na simu yake haipatikani."

Nilipofika nimelowa hadi kiunoni, nilimkuta amekunja mazulia ya mapokezi, ameyashindilia chini ya mlango, na kuyakandamiza kwa meza. Maji yalikuwa yanapita katikati ya miguu ya ile meza kama yamekaribishwa. Na stoo yenyewe ilikuwa wapi? Chini ya ardhi, kando ya chumba cha pampu. Tulipovunja kufuli asubuhi, vibao vya kuzuia maji vilikuwa vimelala chini ya maji, bado vimo ndani ya nailoni zao.

Simlaumu mlinzi. Hata afisa ugavi simlaumu sana, maana kufungia mali ya ofisi ndiyo kazi aliyofundishwa. Lawama yangu naileta kwenu, kwa sababu tangu siku ile nimeingia kwenye majengo mengine mengi na kuuliza swali lile lile: ufunguo anao nani saa nane za usiku? Mara nyingi anayejibu huanza kwa kusema, "Nadhani..."

Kwa wale ambao hamjawahi kuvikaribia vibao hivi, nieleze kidogo. Pande mbili za mlango hufungwa chaneli za chuma au alumini, zikashikiliwa na bolti zilizoingia ndani ya ukuta. Hatari ikija, vibao vinashushwa ndani ya chaneli, kimoja juu ya kingine. Kila kibao kina mpira chini yake, na kile cha kwanza kabisa kina mpira mnene na laini zaidi kwa sababu ndicho kinachokaa kwenye sakafu. Juu kuna vishikizo vya kukaza, vinavyokandamiza rundo lote ili ule mpira wa chini ubonyee na kuziba. Watu wawili waliozoea humaliza mlango wa kawaida kwa dakika chache. Wasiozoea, gizani, mvua ikiwapiga usoni, watakiweka kibao cha kwanza kichwa chini miguu juu, mpira ukitazama mbinguni, na hawatajua mpaka maji yawaambie.

Kuna anayeuliza kwa nini tusiendelee na viroba vya mchanga. Sividharau, vimeokoa nyumba nyingi, na pale pasipo na kitu kingine, viwekwe. Lakini kiroba kilichojazwa ni kilo 15 hadi 20, mlango mmoja unataka makumi ya viroba, na mtu mwenye mgongo mbovu hawezi kuvipanga. Katikati ya viroba maji hupenya. Mafuriko yakiisha, mchanga ule umeshakunywa maji ya mitaro na ya vyoo, kwa hiyo haurudi stoo kungoja mwaka ujao, unakuwa taka ya kutupwa kwa uangalifu. Kibao unakiosha, unakikausha, unakirudisha mahali pake.

Sasa niseme na wale mnaopenda kibao kirefu. Nimeshaambiwa na meneja mmoja, "Fundi, weka mpaka kifuani, tulale usingizi." Maji yaliyosimama yana uzito, na uzito huo unausukuma ukuta. Yakiwa na kimo cha sentimita 30, kila mita moja ya upana wa kizuizi inasukumwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 45. Yakifika sentimita 60, ni kilo 180. Yakifika mita moja, ni kilo 500. Kutoka sentimita 30 hadi 60, kimo kimeongezeka mara mbili, msukumo umeongezeka mara nne. Na ile nguvu ya kukipindua kizuizi kutoka kitakoni inaongezeka mara nane. Hiyo ni hesabu ya maji yaliyotulia tu, kabla hujaweka mawimbi ya gari linalopita barabarani, wala gogo linaloelea.

Nguvu yote hiyo inaishia wapi? Kwenye zile bolti, na kutoka kwenye bolti, kwenye ukuta wenu. Kama tofali ni la zamani na plasta imebanduka, bolti itang'oka na kipande cha ukuta. Na si kwenye bolti tu: maji yanausukuma ukuta wote wa mbele, si mlango peke yake. Ndiyo maana miongozo ya Uingereza kwa nyumba za kawaida za matofali huweka mpaka wa kuzuia maji kwenye sentimita 60 hivi, na ya Marekani hufika karibu sentimita 90. Kupita hapo, bila mhandisi kukagua ukuta na sakafu, ni heri maji yaachwe yaingie, kwa sababu maji yaliyoingia ndani yanausukuma ukuta kwa upande wa pili na kuusaidia usimame. Najua sentensi hiyo inauma kuisoma baada ya kununua vibao. Lakini ukuta ukilala, maji yataingia vilevile, na ukuta mtakuwa hamna.

Kwa hiyo mnapoletewa nukuu ya bei, msiulize tu kibao kina urefu gani. Muulizeni anayekuja kufunga: ukuta huu umeupima kwa kifaa gani? Akigonga kwa ngumi mara mbili na kusema uko imara, mpeni chai aende zake. Muulizeni pia kuhusu kizingiti. Mpira wa kibao unataka uso ulionyooka. Nimeona chaneli za thamani zimefungwa juu ya marumaru zenye mifereji katikati, na kila mfereji ukawa bomba dogo la kuingizia maji. Kizingiti hicho kingesawazishwa kwa kazi ya nusu siku.

Na mlango si njia pekee. Hili limenifundisha adabu. Niliwahi kusimama nyuma ya vibao vilivyokaza vizuri kabisa, maji yamefika sentimita 40 upande wa pili, ndani pakavu, nikijisifu moyoni. Nikasikia sauti kama ya chungu kinachochemka. Nikageuka. Choo cha wageni kilikuwa kinabubujika, maji meusi yanatambaa kwenye korido kuja kunisalimia kwa nyuma. Bomba la maji taka linaungana na mfumo wa nje. Maji ya nje yakipanda kupita kimo cha sakafu yenu, yanarudi kwa njia ile ile mnayoyatolea. Kinga yake ni vali ya kuzuia maji kurudi, inayofungwa kwenye bomba kabla halijatoka nje ya jengo. Ina kibawa ndani kinachofunguka upande mmoja tu. Kipande cha kitambaa kikinasa pale, kibawa hakifungi, na ndiyo maana lazima chemba yake ifunguliwe na kusafishwa, kazi ambayo hakuna anayeipenda na kila mtu huisahau. Kuna na matundu ya kebo, ya mabomba ya viyoyozi, na yale matundu ya hewa chini ya ukuta. Mpita njia huwa hayaoni, lakini maji huyakuta yote.

Hata kibao kilichopachikwa sawasawa huvuja kidogo. Vile vilivyopimwa maabara hupimwa kwa kiasi gani kinavuja, hakuna anayetarajia kisivuje kabisa. Kwa hiyo nyuma yake panatakiwa pampu ndogo ya kutolea yale machache, iwe na betri yake, kwa sababu umeme utakatika au mtaukata wenyewe. Pampu inayotegemea soketi iliyo karibu na sakafu ni mapambo.

Nirudi kwenye ufunguo, kwa sababu ndiyo shida yangu nanyi.

Watu wengine walishalifikiria jambo hili. Tokyo, ambako treni nyingi hupita chini ya ardhi, milango ya vituo vingi ina ngazi chache za kupanda kabla ya ngazi za kushuka, ili maji ya barabarani yasiporomoke moja kwa moja. Na vibao vya kuzuia maji huwekwa palepale mlangoni, ndani ya kisanduku, hatua mbili kutoka mahali vinapopachikwa. Venice wana vibao vya milangoni kwa miaka mingi, na wana kitu kingine ninachokitamani: king'ora chenye milio tofauti. Mlio mmoja maana yake maji yanatarajiwa kufika sentimita 110 kwa kipimo cha mji, kinachohesabiwa kutoka usawa wa zamani wa bahari, si kutoka barabarani, miwili ni 120, mitatu 130, minne 140 na kuendelea. Mwenye duka akisikia milio anajua la kufanya, haitishi kikao. Hata wao, Novemba 2019 maji yalipofika sentimita 187, wengi waliokuwa na vibao yaliwaruka. Kibao kina kimo chake na hakiongezi hata ukikisihi.

New York nao walilipa karo. Kituo cha treni ya chini ya ardhi cha South Ferry kilifunguliwa mwaka 2009 kikiwa kipya kabisa. Oktoba 2012, kimbunga Sandy kilipoingiza maji ya bahari mjini, kituo kilijaa, na jengo lile jipya likabaki limefungwa hadi 2017. Usiku huohuo, katika hospitali ya Bellevue, jenereta za dharura zilikuwa ghorofa ya 13, salama kabisa, ila pampu za kuzipandishia mafuta zilikuwa chini ya ardhi. Zikazama. Wafanyakazi wakajipanga ngazini na kupandisha mafuta mkono kwa mkono, ghorofa baada ya ghorofa. Kila nikimkumbuka aliyechora kuweka jenereta juu na pampu chini, huwa nakumbuka na vibao vyetu ndani ya nailoni.

Basi ninachowaomba ni hiki. Toeni vibao stoo. Vijengewe kabati hatua chache kutoka mlango vinaouziba, juu ya kimo cha maji mnayoyaogopa, na kama lazima pawe na kufuli, ufunguo uning'inie kwenye kisanduku cha kioo cha kuvunja, pale pale anapokaa mlinzi. Spana yake ifungwe kwa mnyororo ndani ya kabati hilo, kwa sababu spana isiyofungwa hutembea. Kila kibao kiandikwe namba na mshale wa kuonyesha juu ni wapi, kwa rangi isiyofutika, na maandishi yale yale yawe kwenye chaneli.

Halafu mpeni mlinzi mamlaka. Hapa ndipo wengi mnapokunja uso, kwa hiyo nitakaa kidogo. Katika majengo mengi, mlango wa mbele hauzibwi mpaka meneja aamue, na meneja hataki kuonekana amefunga mlango wa wateja kwa mvua iliyopita. Kwa hiyo anasubiri. Anapiga simu kwa mwingine, naye anauliza, "Imefika wapi?" Mvua ya ghafla haiwapi muda huo, mto mkubwa unaweza kuwapa siku mbili za kujiandaa, mtaro ulioziba unawapa robo saa. Pigeni alama ya rangi kwenye ukuta wa mtaro ulio mbele ya jengo. Maji yakigusa alama ya njano, mlinzi anaita mwenzake na kufungua kabati. Yakigusa nyekundu, anapachika, na hakuna atakayemuuliza kesho yake kwa nini alipachika bure. Andikeni hivyo kwenye karatasi, mtie saini, ibandikwe ndani ya mlango wa kabati. Mlinzi anayelipwa kidogo kuliko wote jengoni hawezi kubeba uamuzi ambao bosi mwenyewe anauogopa, kama hamjamwandikia kwamba ni wake.

Na afanye mazoezi, usiku, taa zikiwa zimezimwa angalau mara moja. Mazoezi ya saa nne asubuhi mbele ya wageni hayaonyeshi kitu. Gizani ndipo utakapogundua nati moja imepotea, mpira wa kibao cha nne umegandana na wa tano kwa joto la kabati, na chaneli ya kushoto imejaa mchanga na vichungi vya sigara. Mpira huzeeka. Ukilala umebanwa mwaka mzima hubaki bapa na hauinuki tena kuziba. Upakwe poda, vibao visilaliane juu ya mipira yao, na uliokakamaa ubadilishwe kabla ya mvua.

Kuna jambo moja ambalo lazima litangulie mengine yote, nami nimelichelewesha kwa sababu linanitia hofu. Mlango uliozibwa kuzuia maji umezibwa pia kwa mtu anayetaka kutoka. Kibao cha sentimita 60 mimi nitakiruka. Mtoto, mzee, mwenye kiti cha magurudumu hatakiruka. Moto hauahirishwi kwa kuwa nje kuna mafuriko. Kabla ya kupachika kibao cha kwanza, lazima ijulikane watu watatokea wapi, na njia hiyo iwe ya juu, si mlango wa nyuma ulio chini zaidi ya wa mbele. Na walio chini ya ardhi watolewe kwanza. Agosti 2022 mjini Seoul, watu watatu wa familia moja walikufa kwenye nyumba iliyo nusu chini ya ardhi. Maji yaliukandamiza mlango na haukuweza kufunguka. Mwezi uliofuata, huko Pohang, mji mwingine wa Korea Kusini, watu saba walikufa kwenye maegesho ya chini, baada ya kushuka kuyatoa magari yao. Kwa hiyo lifti ipandishwe juu na kuzimwa, geti la maegesho lifungwe, na mtu asiruhusiwe kushuka kufuata gari, hata akiwa mwenye jengo. Hasa akiwa mwenye jengo, kwa uzoefu wangu.

Maofisa mnaopitisha ramani, kwenu sina mengi. Ramani inayoletwa na njia ya magari inayoteremka kutoka barabarani moja kwa moja kwenda chini ya jengo ni faneli. Daini tuta la kupanda kwanza kabla ya kushuka. Halitaki mtambo wala mlinzi. Mkiona neno "vizuizi vya kupachika" kwenye ramani, ulizeni kabati liko kwenye mchoro upi. Kama halijachorwa, maana yake ni stoo. Na ulizeni bodi kuu ya umeme iko kimo gani.

Jengo langu la usiku ule lilitengenezwa. Kabati lipo nyuma ya mlango, ufunguo upo kwenye kioo, alama mbili za rangi zipo kwenye mtaro. Mlinzi ni yule yule. Mara ya kwanza tulipofanya mazoezi gizani, yeye na mwenzake walichukua dakika 40 na wakagombana. Mara ya tatu walimaliza kabla sijamaliza kufunga kamba za buti. Mwezi uliopita alinionyesha kibao namba tatu: mpira umechanika kwenye kona, urefu wa kidole. Nikajaza fomu ya kuomba mpira mpya siku hiyohiyo. Fomu ipo mezani kwa mmoja wenu, inangoja saini.

Wenu katika kazi,
Fundi wa matengenezo